Achari, wifi yangu na karatasi tulizoandikiana

Chupa kumi na mbili zilirudi kutoka Unguja ndani ya boksi lile lile nililolifunga kwa mikono yangu. Nilikuwa nimempa kijana mmoja anayesafiri na meli ya Mkoani azifikishe kwa mwenye duka wa Mjini ambaye aliionja achari yangu harusini, akaniomba nimletee dazeni moja ya kuanzia. Mwenye duka hakuwa na neno na achari yenyewe. Aliigeuza chupa huku na huku, akatafuta lebo, hakuna. Akatafuta alama ya viwango ya ZBS, hakuna. Akauliza kama ZFDA, wakala wa chakula na dawa, wanatujua, kijana akanyamaza. Basi akazirudisha na salamu: "Mwambie bibie achari yake tamu. Lakini akiingia mkaguzi hapa, nimwambie imetoka wapi?"

Napika achari ya embe mwaka wa tisa sasa, hapa Machomane, Chake Chake, Pemba. Miaka saba ya mwanzo niliuza kwenye chupa za maji zilizooshwa, kwa majirani, kwa walimu wa skuli, na kwa wenye harusi wanaotaka ndoo nzima ya kulia biriani. Siku hizi, tangu chupa zetu zianze kuonekana madukani zikiwa na lebo, haipiti wiki bila mtu kunipigia simu kuniuliza. Mmoja anauliza, "Dada, usajili ulianzia wapi?" Mwengine anauliza, "Fedha ulipata wapi?" Wananiuliza kama maswali mawili. Kwangu mie lilikuwa swali moja, na kwa kutolijua hilo nilipoteza msimu mzima wa embe. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Nianze na fedha, maana ndiyo iliyoniumiza. Embe mbichi za achari zinapatikana kwa wingi Novemba na Disemba. Hapo ndipo zinapokuwa rahisi, na hapo ndipo unapotakiwa uwe na fedha yote mkononi: embe, chumvi, pilipili, thomu, bizari, siki, mafuta, mkaa, na mtu wa kukata. Ukishakata unatia chumvi, unaanika. Na miezi hiyo kwetu ni ya vuli. Jua la vuli halina ahadi. Unaanika asubuhi, saa sita unakimbiza mikeka ndani. Achari iliyopikwa Disemba inauzwa mpaka Agosti. Yaani fedha inatoka yote kwa mpigo, na inarudi kidogo kidogo kwa miezi minane.

Mwaka ule mie nikachukua mkopo wa wale wanaokopesha haraka, milioni moja, wa kurejesha kila wiki kwa wiki ishirini na nne. Jumla ya kurejesha milioni moja na laki mbili na arubaini. Rejesho la kwanza likadaiwa embe zikiwa bado juu ya mikeka. La pili vilevile. La tatu nililipa kwa fedha ya ada ya mwanangu. La sita nikauza bangili aliyonitunza mama yangu siku ya harusi yangu. Sitaki kuwataja waliokopesha, maana masharti walinisomea na mie nikasaini. Lakini nimelia kwa ile bangili, na riba ile ilinikaa moyoni kuliko hasara. Tangu siku hiyo sikopi kabla sijakaa na kalenda na kuandika: fedha hii inageuka achari lini, na achari inageuka fedha lini.

Januari yake ndipo zile chupa ziliporudi.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa nyumbani siku boksi lilipofika. Alikuwa na fedha ya karafuu aliyolipwa na ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, fungu lake la shamba walilorithi, na alikuwa anatafuta cha kuifanyia. Akasema, "Wifi, tuifanye kweli hii. Mie nitie fedha, wewe utie ujuzi, tusajili." Nikafurahi mpaka nikakumbatiana naye pale pale jikoni. Kisha usiku sikulala. Nilikuwa nafikiria mambo ambayo mtu haoni vyema kuyasema: tukila hasara itakuwaje? Akifa mmoja wetu, watoto wake watapata nini? Na lile zito kuliko yote: nikiachika na kaka yake, je, achari itakuwa ya nani?

Nilikaa na maneno hayo karibu miezi mitano. Niliona nikiyatamka nitaonekana simuamini, au naitilia shari nyumba yangu. Tukawa tunapika kidogo kidogo, kila mmoja akitoa fedha hapa na pale bila kuandika, na kila mmoja akianza kununa kimya kimya. Aliyetufungua ni ami yangu, mwalimu wa chuo cha Qur'ani. Nilimwendea kuuliza jambo jengine kabisa, akasikia maelezo yangu, akaniambia nikasome aya ya 282 ya Suratul Baqara. Aya hiyo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na yote inazungumzia kuandikiana deni: mwandishi aandike kwa uadilifu, wawepo mashahidi, na wala msichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Ami akaniuliza, "Mwenyezi Mungu ameipa kuandikiana aya ndefu namna hii, wewe unaona haya ya nini?"

Jioni ile nikamwambia wifi yote, hata lile la kuachika. Alinyamaza, akafuta macho kwa mtandio, akasema, "Wifi, andika. Andika hilo liwe la kwanza."

Tuliandika kwanza kwenye daftari la skuli, kisha tukapeleka kwa wakili wa hapa Chake akaliweka katika lugha yake, tukasaini mbele ya mashahidi wawili. Yeye ametia milioni mbili na laki mbili. Mie nimetia laki nane, sufuria kubwa mbili, na ujuzi. Kila anayefanya kazi siku hiyo analipwa ujira wa siku kabla faida haijahesabiwa, awe mie, yeye, au binti wa jirani. Faida tunagawana nusu kwa nusu. Hasara kila mmoja anabeba kwa kadiri ya mtaji aliotia, kama ami alivyotueleza hukumu ya ushirika wa mali. Akifa mmoja, fungu lake linathaminiwa na warithi wanalipwa ndani ya miezi sita. Na nikiachika, ushirika unabaki kama ulivyo, jiko linahamishwa. Mume wangu aliisoma, akacheka kidogo, akasema vyema mmelifikiria. Yeye ni mmoja wa mashahidi.

Nimekaa sana hapa kwa sababu watu wanaliruka jambo hili, wanakimbilia cheti. Cheti ndicho chepesi.

Mtoto wa dada yangu anayesoma Unguja alitushauri tufungue kampuni. Ni kweli kampuni inajitenga na mwenyewe: deni la kampuni haliji moja kwa moja kuchukua kitanda chako. Lakini kampuni ina hesabu za kukaguliwa, ina taarifa za kila mwaka, na kodi yake ya mapato ni asilimia 30 ya faida. Kwa jiko la sufuria mbili tuliona bado. Tukachagua jina la biashara lenye washirika wawili. Lazima ujue maana yake: mkisajili jina la biashara tu, wewe na biashara ni kitu kimoja mbele ya anayekudai, na katika ubia deni alilolileta mwenzio ni lako pia. Ndiyo sababu nyengine ya kuandikiana. Kwenye karatasi yetu hakuna anayeruhusiwa kukopa kwa jina la biashara bila sahihi ya mwenzake.

Usajili unafanywa BPRA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2012. Nasema hivi kwa mkazo, maana rafiki yangu wa Tanga alinielekeza BRELA, na nikapoteza siku nne kwenye mtandao wao. BRELA ni ya Bara. Kwetu usajili wa biashara si jambo la Muungano. Jina la kwanza tulilolitaka lilikuwa limeshachukuliwa, tukatumia la mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, ambaye ndiye aliyenifundisha kutia thomu mwisho na si mwanzo.

Kodi nayo ina milango miwili, na wengi wanachanganyikiwa hapa. TIN, namba ya mlipakodi, unaipata TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, bila malipo, kwa sababu kodi ya mapato ni ya Muungano. Kisha unajisajili ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ile tuliyozoea kuiita ZRB. VAT yetu, kodi ya ongezeko la thamani, inakusanywa na hawa, na kiwango chake ni asilimia 15 wakati Bara ni 18. Sisi bado wadogo, hatujafika huko, lakini tulikwenda kujiandikisha na kuulizia mambo ya risiti za kielektroniki. Nawashauri muulize wenyewe dirishani, kwa hali ya biashara yenu, msichukue habari za barazani.

Barua ya sheha ilitutangulia kila mahali. Leseni ya biashara tukaomba Baraza la Mji. Hayo sina mengi ya kusema, ni kwenda na kurudi, uwe na kitambulisho cha Mzanzibari, cha NIDA, picha na subira.

Jiko ndilo lililokula fedha. Kwa mujibu wa sheria ya chakula, mahali pa kutengenezea chakula cha kuuza panakaguliwa na ZFDA. Mie nilikuwa napikia bandani uani, paa la makuti, chini udongo uliopigwa. Mkaguzi alipokuja alitazama kila pembe kwa upole, akakaa kwenye kibao, akatueleza kimoja kimoja. Sakafu iwe ya saruji laini inayosafishika. Ukuta vilevile, upakwe rangi inayooshwa. Dari, ili vumbi na kinyesi cha mijusi visianguke sufuriani. Waya wa mbu madirishani. Sinki lenye maji yanayotiririka, la mikono mbali na la vyombo. Choo kisielekeane na mlango wa jiko. Vyeti vya afya vya kila anayeshika chakula, na kupima tena baada ya miezi sita. Nilimsikiliza huku nikihesabu moyoni, na wallahi sikumwonea hasira. Nilikumbuka mara ngapi niliona mjusi kwenye paa la makuti nikasema bismillahi nikaendelea kupika. Watu wanakula hii na watoto wao.

Ukarabati ulitugharimu milioni moja na laki moja na nusu. Hiyo haikutoka benki. Ilitoka kwenye sanduku la kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Tuko wanawake ishirini na tano, tunakutana kila Jumapili baada ya alasiri, hisa moja shilingi elfu mbili. Sanduku tunalivunja kabla ya Ramadhani ili watu wapate ya futari na nguo za Idi. Hapa nina jambo la kuwaambia wenzangu wa vikundi: Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, embe hazirudi nyuma. Usipange mtaji wa msimu wa embe kwa fedha ya kuvunjia sanduku, itafika mwaka ambao vitu hivyo viwili vimeachana kabisa. Mie fungu langu nililitia kwenye saruji na waya, ambavyo havina msimu.

Sampuli tulipeleka ZBS, Taasisi ya Viwango. Walichokitazama sana ni uchachu. Mtaalamu alinifahamisha kitu ambacho miaka yote nilikuwa nikikifanya kwa ulimi tu: achari ikiwa na uchachu wa kutosha, kipimo cha pH kikawa hakizidi 4.6, vile vijidudu vya sumu ya chakula cha makopo haviwezi kuota ndani yake. Ikipanda juu ya hapo, chupa iliyofungwa vizuri ndiyo yenye hatari zaidi, kwa kuwa haina hewa. Tulinunua kipimo kidogo, tunapima kila sufuria na kuandika daftarini. Lebo nayo ina adabu zake: viambato vinaandikwa kwa mpangilio wa uzito, kizito mbele, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya kumalizika, namba ya bechi, jina na anwani yetu. Wifi ndiye mwenye mwandiko, yeye anasimamia lebo na daftari la bechi.

Sasa nirudi kwenye lile swali moja. Tulipotaka chupa za kioo, mashine ya kuziba vifuniko na meza ya chuma kisichoshika kutu, hatukutaka riba tena. Tukaenda kwenye dirisha la benki ya Kiislamu kuulizia murabaha. Yule bibi wa benki alitueleza vizuri: benki hainipi fedha. Mimi naleta ankara ya muuzaji, benki inanunua kile kitu, kinakuwa chake kwanza, kisha inaniuzia kwa bei yake pamoja na faida inayotajwa waziwazi siku hiyo, nami nalipa kwa miezi. Nikichelewa bei haipandi. Nikasema hii ndiyo.

Akaomba cheti cha BPRA, TIN, leseni, barua ya sheha, mdhamini. Vyote tulikuwa navyo. Kisha akaomba taarifa ya akaunti ya biashara ya miezi sita.

Hapo tukaganda. Miaka yote fedha ya achari ilipita kwenye simu yangu, pamoja na ya umeme na ya mume wangu akiwa safarini, na nyengine kwenye kibubu. Benki ikitazama, haioni biashara. Akaunti ya jina la biashara hufunguliwi bila cheti cha usajili, na cheti chetu kilitoka Julai, kwa sababu ya ile miezi mitano niliyokaa na haya yangu. Akaunti tukafungua Agosti. Hesabu sasa: Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba, Disemba, Januari. Miezi sita ilitimia Februari, embe zimekwisha. Lau tungesajili Machi, Oktoba tungekuwa na chupa na mashine, na embe zinaanza. Kwa hiyo anayeniuliza usajili unaanzia wapi na fedha inatoka wapi namjibu hivi: hesabu kurudi nyuma kutoka siku unayoihitaji fedha, toa miezi sita ya akaunti, toa mwezi wa akaunti yenyewe na cheti, toa muda wa kuandikiana na mwenzio. Siku utakayoangukia ndiyo siku ya kwenda BPRA.

Mashine ilikuja Machi, kwa malipo ya miezi kumi na miwili. Hatukuiacha ikae. Tulitia achari ya ndimu na ya pilipili, ambazo hazisubiri Novemba, na yule mwenye duka wa Mjini ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzipokea. Kuhusu ZEEA, wakala wa serikali wa kuwawezesha wananchi kiuchumi, maombi yetu tumeshayapeleka, kwa ajili ya sufuria kubwa zaidi.

Limebaki moja ambalo murabaha haukulitatua, nalo ni embe zenyewe. Mwenye mti wa Konde hana ankara, hana TIN; benki haiwezi kununua kwake. Na mazoea yetu ya kununua mti ungali na maua nayo yana tatizo, kwani Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza matunda mtini kabla uzuri wake haujadhihiri. Nikarudi kwa ami. Akanielekeza kwenye salam: unalipa fedha yote leo, kwa kitu kitakachokabidhiwa baadaye, kwa sharti aina ijulikane, kipimo kijulikane, na siku ijulikane. Wala isiwe embe za mti fulani, kwa maana mti huo unaweza usizae. Ziwe embe za sifa hiyo, popote atakapozipata. Fedha hii tumeitoa kwenye faida ya ndimu na pilipili.

Mwanzo tulitaka kuandika pakacha, wifi akakataa, akasema pakacha la Konde na la Wawi si sawa. Tukaandika kilo mia sita, embe mbichi zilizokomaa, hazijalainika, kukabidhiwa kati ya tarehe 20 Novemba na 10 Disemba, na akishindwa kurejesha fedha yetu kama ilivyo. Bei tumekubaliana kwa simu. Jumamosi tunakwenda Konde na gari ya asubuhi, wifi na bahasha, mie na nakala mbili za karatasi, na ami amesema atafuatana nasi awe shahidi.